Dakika ya Ishirini

Kwanza niwaulize nyinyi wenye akili zenu: tangu lini njia ya kwenda ikawa fupi kuliko njia ya kurudi? Njia ileile, milima ileile, ndege ileile! Hamna jibu. Hata mimi sikuwa nalo, mpaka nilipoajiriwa na kampuni ya ndege ambayo siitaji jina, kwa sababu bado inanilipa mshahara.

Kampuni yetu ina ndege moja ya viti kumi na tisa. Inakwenda na kurudi kati ya viwanja viwili vidogo, asubuhi mara moja, mchana mara moja. Kiwanja cha huku ndiko nilikokuwa mimi, mpanga mizigo. Abiria anafika, anapanda kwenye mizani na begi lake, nasoma kilo, naandika, kisha naamua nani akae mbele na nani nyuma ili ndege isiende imeinua pua. Watu wengi wananichukia kwa kazi hiyo. Hakuna anayependa kusomewa kilo zake mbele ya shemeji.

Kiwanja cha kule, ng'ambo ya milima, ndiko anakofanya kazi mke wangu. Yeye anakaa juu mnarani, anaongoza ndege. Ndiye anayemwambia rubani ashuke au asubiri, na rubani akibisha hajui anacheza na nani. Kwa gari, kutoka kwangu hadi kwake ni siku nzima ya kuzunguka milima na kutapika. Kwa ndege ni dakika kumi na tisa.

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa, na mitatu kati ya hiyo tumeishi hivyo, yeye kule mimi huku, pamoja na tiketi mbili za bure kila mwezi. Tuna binti wa miaka mitatu, tumempa jina la utani Maswali. Kila nikishuka kwenye ngazi ya ndege anakuja mbio, ananishika kidole, na kabla ya salamu ananiuliza, "Unaondoka saa ngapi?" Siyo umekuja lini, siyo umeniletea nini. Unaondoka saa ngapi! Anauliza kwa upole kabisa, kama karani wa kaunta. Mimi mtu mzima, baba wa mtu, najikuta natazama saa na kumjibu, "Kesho, saa nane na nusu." Naye anatikisa kichwa, ameelewa. Hapo roho inaniuma.

Sasa, kampuni ina sheria nzuri sana. Inasema mfanyakazi ambaye kituo chake kiko kilomita mia moja au zaidi kutoka kituo cha mwenzi wake wa ndoa ana haki ya kuhamia kwa mwenzi wake, nafasi ikiwepo. Na nafasi ilikuwepo! Mpanga mizigo wa kule aliacha kazi akaenda kufuga kuku, na kiti chake kikabaki kitupu. Nakijua kiti hicho. Cha bluu, cha magurudumu, kimepoteza mkono mmoja. Kila nikienda kule nakipita mlangoni na kukitazama kwa uchungu.

Tatizo ni jinsi wanavyopima umbali. Ofisi kuu ilikuwa na ramani moja ukutani, mchwa wakaila upande wote wa milima. Badala ya kununua nyingine, wakubwa walikaa kikao, wakala maandazi, wakaamua umbali utapimwa kwa saa. Kitabu cha ndege kinasema ndege yetu inakwenda kilomita tano kwa dakika. Basi, dakika za angani, mara tano, huo ndio umbali. Wakapigiana makofi.

Na upepo wetu una tabia moja: unavuma kutoka huku kwenda kule, mwaka mzima, hauna likizo. Ndege ikienda inasukumwa mgongoni, inatumia dakika kumi na tisa. Ikirudi inapigwa usoni, inatumia dakika ishirini na nne. Mara tano, piga hesabu mwenyewe. Kwenda ni kilomita tisini na tano. Kurudi ni mia na ishirini.

Maana yake nini? Maana yake kwa mujibu wa kampuni mke wangu anaishi mbali na mimi, lakini mimi siishi mbali na mke wangu. Yeye ana haki ya kunifuata huku, ila huku mnara una mzee mmoja ambaye amebakiza miaka minane kustaafu, na afya yake ni nzuri mpaka inaudhi. Mimi ambaye kiti kinanisubiri kule, sina haki. Nimepungukiwa kilomita tano. Dakika moja! Dakika moja, jamani, ndiyo iliyolala katikati ya kitanda changu miaka mitatu.

Nilikwenda kwa mama wa utumishi, yule anayeshika mafaili ya uhamisho. Ni mama mtu mzima, mpole, na upole wake ndio unaokutia wazimu.

"Mama," nikamwambia, "ardhi ni ileile. Mlima haujinyooshi nikienda halafu ukajikunja nikirudi."

"Mwanangu, mimi sina ugomvi na mlima. Mimi nina fomu."

"Lakini ni upepo, mama! Upepo ndio unaoiba hiyo dakika!"

"Upepo ni sababu," akasema huku anavua miwani na kuifuta. "Fomu haina nafasi ya sababu. Hebu soma hapa chini."

Nikasoma. Iliandikwa hivi: muda utahesabiwa tangu magurudumu ya ndege yanapoachana na ardhi hadi yanapogusa ardhi, bila kujali sababu yoyote.

"Kwa hiyo rubani akiamua kuzunguka angani anatafuta kofia yake, mtahesabu?"

"Dakika ni dakika, mwanangu. Sisi hatuulizi."

Nikatoka nimefura, nikabamiza mlango, kisha ikabidi nibishe hodi tena kwa adabu kwa sababu nilisahau fomu yangu mezani. Akanipa, akaniambia nimsalimie mkwe wake, yaani mke wangu. Akaongeza jambo moja: nafasi ya kule itafutwa mwisho wa mwezi. Umbali unapimwa upya kila baada ya miaka mitatu, kwa safari moja tu, na mkaguzi anakuja Jumanne. Nikikosa Jumanne hiyo, kiti kitauzwa kwa mnada na mimi nitaendelea kuwa mgeni wa mwanangu.

Jumatatu baada ya kazi nikampigia mke wangu simu. Nilitaka kuongea vizuri, Mungu ananiona. Lakini kuna kidonda cha zamani kati yetu. Miaka mitatu nyuma, kabla hawajaanza kutuma mkaguzi, walikuwa wanachukua muda kwenye daftari la mnara, na daftari la mnara anaandika yeye. Nilimwomba aandike ishirini. Kalamu anayo yeye, karatasi anayo yeye, mume ni wake! Akaandika kumi na tisa.

"Ungeongeza dakika moja tu," nikaanza.

"Umeanza."

"Nimeanza, ndiyo! Ungekuwa unanitaka kweli, ungeandika ishirini. Au umeshazoea kukaa peke yako? Sema tu!"

Mke wangu hapigi kelele, anapunguza sauti, na ikishapungua ujue umeharibu.

"Sikiliza, baba Maswali. Siku ya mawingu rubani haoni kitu. Anachokiona ni sauti yangu. Nikimwambia njia iko wazi, anashuka macho yamefumbwa. Siku nitakayosema uongo redioni au kuuandika daftarini, hata wa dakika moja, sauti hiyo haina kazi tena. Sitadanganya. Hata kwa ajili yako."

"Basi mkaguzi anakuja na saa yake, hata ukitaka huwezi tena. Kila kitu kimekwisha."

"Kile kiti chako nimekipangusa leo," akasema. Anakipangusa kila asubuhi, tangu kilipobaki kitupu. "Lakini vumbi limeingia ndani kabisa. Nafikiri kesho nitakiosha."

Hapo nikapandwa na mori. Mimi nakufa, yeye anawaza usafi! "Kioshe!" nikamwambia. "Kioshe, ukianike, kisha ukae ukitazame! Kitakufaa kwa kuanikia nepi!"

"Mtoto alishaacha nepi," akasema taratibu. "Ungekuwa unakaa nasi ungejua." Akakata simu.

Nililala vibaya, lakini asubuhi nikapiga moyo konde. Kama yeye hataki kusaidia, nitasaidiwa na mizani. Ndege nzito haina mbio, si ndivyo? Nikapanga mizigo siku ile kama mtu anayejenga nyumba. Nikamchukua fundi vigae na katoni zake zote. Nikamchukua mhunzi aliyekuwa anasafiri na fuawe yake ya chuma. Nikachukua ndugu wawili wauza mashine za kusaga, kila mmoja kilo mia na kitu, nikawakumbatia. Sikuvunja sheria, msinielewe vibaya. Kikomo nilikigusa, sikukipita.

Wepesi niliwaacha. Kulikuwa na bibi mmoja mwembamba, akapanda mizani na kikapu chake, ikasoma arobaini na mbili.

"Bibi, wewe utapanda ya mchana."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Wewe mwepesi mno."

Akanitazama juu mpaka chini. "Nimeambiwa mengi katika maisha yangu," akasema, "lakini hilo sijawahi." Akaenda kukaa kwenye benchi, akafungua kikapu, akaanza kula karanga ananitazama.

Ikabaki rubani. Huyu tunamwita Kapteni Chapchap, na jina limemkaa. Anakula chapchap, anaongea chapchap, alioa chapchap na kuachwa chapchap. Nikamfuata chini ya bawa, nikakaribia kumpigia magoti.

"Kapteni, nakuomba kwa heshima zote. Leo nenda taratibu. Dakika ishirini tu."

"Ishirini?" Alishtuka kama nimemtukania mama yake. "Mimi? Miaka ishirini na sita naruka njia hii, kwenda kule sijawahi kufika ishirini. Leo amekuja mkaguzi na saa shingoni, ndiyo nianze kutambaa?"

"Kapteni, ni familia yangu."

"Na hili ni jina langu. Panda, tunachelewa." Hatukuwa tumechelewa hata kidogo.

Nilikuwa na ruhusa ya kusafiri kama shahidi. Nikakaa kiti cha mbele, mkaguzi kando yangu. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio, na saa ya kubonyeza imening'inia kifuani. Nilimpa pipi, akaniambia kazini hali pipi. Magurudumu yalipoachana na ardhi akabonyeza, tik, na tangu hapo hakuitazama dunia tena, anatazama saa tu.

Sijui kama mmewahi kuona mtu anaombea ndege iende polepole. Dakika ya tano tulikuwa tayari juu ya milima. Upepo siku hiyo ulikuwa na nguvu kuliko siku zote, unatusukuma kama una hamu ya kunikomoa, na zile kilo zangu zote za vigae hazikuupunguza hata chembe. Dakika ya kumi na mbili nikaona mto wa upande wa pili. Dakika ya kumi na tano Kapteni Chapchap akageuka, maana ndege yetu haina mlango kati ya rubani na abiria, akatuonyesha vidole: kumi na nane! Anacheka! Anataka kuvunja rekodi yake mwenyewe, kwenye jeneza langu. Nikashika tama. Nikamwona mwanangu akilini ana miaka sita, ana tisa, anaolewa, na siku ya harusi ananikaribisha mlangoni na kuniuliza naondoka saa ngapi.

Dakika ya kumi na saba sauti ya mke wangu ikasikika redioni, tulivu kama kawaida.

"Usishuke. Zunguka. Njia haiko wazi."

"Ina nini?" akauliza Kapteni. "Naiona hapa, nyeupe kabisa."

"Zunguka."

"Mama, nimeshaanza kushuka! Ina nini hiyo njia?"

"Kuna kiti."

Fundi vigae akaondoa kofia masikioni ili asikie vizuri.

"Rudia," akasema Kapteni.

"Kuna kiti katikati ya njia ya kurukia. Kiti cha ofisi, rangi ya bluu, kina magurudumu. Zunguka mpaka kiondolewe."

Kapteni akatukana kwa lugha ambayo sikuijua, akavuta usukani, ndege ikainuka, fuawe ikagonga ukuta wa nyuma ngo! Nikabandika uso dirishani. Na kweli, jamani. Pale chini, peke yake katikati ya lami, kimesimama kiti changu. Kimeoshwa, kinang'aa.

"Kiti kinafanya nini huko?" akauliza mmoja wa wale ndugu wa mashine.

"Kinamsubiri mtu," nikasema.

Tukazunguka. Mfagizi wa kiwanja akatoka mbio, akakisukuma kiti hadi majanini, akageuka kupunga mkono, na nyuma yake upepo ukakirudisha. Nakuapia, kilirudi chenyewe, kinazungukazunguka kama mtoto anayecheza. Mke wangu akatangaza redioni, sauti ileile: "Kiti kimerudi. Zunguka tena." Wale ndugu wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Mkaguzi hakuinua macho. Dakika ya kumi na tisa ikapita. Nikaikodolea macho ile saa yake mpaka machozi yakanitoka, na mshale wake mdogo ukapanda, ukaifikia ya ishirini, ukaivuka, kimya kimya, kama si kitu.

Mfagizi mwishowe alikikalia. Akakaa juu ya kiti pale majanini, miguu ameikaza, ufagio mkononi, ndipo tukapewa ruhusa. Magurudumu yalipogusa chini mkaguzi akabonyeza. Ishirini na tatu.

Mke wangu alikuwa ameteremka mnarani, amesimama chini ya ngazi na daftari lake. Kapteni alimpita bila salamu, akaenda kujifungia chooni na huzuni zake. Mkaguzi akachomoa penseli sikioni.

"Kiti kimefikaje njiani, mama?"

"Kilikuwa kichafu. Nikakiosha, nikakianika nje, mlangoni pa ofisi. Kina magurudumu. Upepo ukakisukuma."

"Upepo?"

"Upepo. Nimeuandika, na kasi yake." Akamfungulia daftari.

Mkaguzi akasoma, akafikiri, akatoa ile fomu, akaipitisha kidole mpaka kule chini. Alisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno: "Bila kujali sababu yoyote." Kisha akaandika ishirini na tatu, akazidisha pembeni kwa tarakimu ndogo, akapata mia na kumi na tano. Akanigeukia uso umejaa huruma, mara ya kwanza siku ile, akanipa mkono.

"Bwana, pole sana," akasema. "Kumbe unaishi mbali na mkeo." Akapiga muhuri.

Nilibaki na karatasi mkononi, sijui nicheke au nilie, nikafanya vyote viwili. Nikamvuta mke wangu kando.

"Niambie kweli. Ni upepo?"

"Mimi sidanganyi. Ni upepo."

"Na nani aliyekielekeza kiti upande wa njia?"

Akafunga daftari lake. "Hilo hakuna aliyeliuliza," akasema. "Hata redioni."

Nikataka kumwomba radhi kwa yale ya jana, ya nepi, ya miaka mitatu yote. Akaniwekea mkono begani, akaniambia niache, kuna kazi inanisubiri: ripoti ya kizuizi kwenye njia ya kurukia lazima iandikwe leo, na anayeiandika ni mpanga mizigo wa kituo. Yaani mimi. Nikaenda kwa mfagizi, akanyanyuka, nikakikalia kiti changu kwa mara ya kwanza, palepale majanini, bado kimelowa. Suruali ikaloa. Nikaweka karatasi kwenye goti nikaanza kuandika. Kizuizi: kiti kimoja. Mwenyewe: mimi.

Ndipo nikaona kandambili mbili ndogo zinakuja mbio majanini. Maswali akafika, anahema, akanishika kidole.

"Baba, unaondoka saa ngapi?"

Nikatazama saa, kwa mazoea tu. Nikaivua mkononi, nikampa aishike.

"Siondoki," nikamwambia.

Akaigeuza saa, akaitazama mbele na nyuma, akanitazama mimi. Hilo jibu hakuwahi kulipata, na hakujua la kufanya nalo. Akaukunja uso kama mama yake.

"Sasa," akasema, "utalala wapi kila siku?"